Shukrani Zangu Zimemnunisha Aliyenilea

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Nakuja kwako na ombi la msaada, na naomba usinicheke mwanzoni, kama ni kucheka subiri hadi mwisho, maana hata mimi nikikumbuka nilivyojiingiza kwenye jambo hili nacheka halafu papo hapo najilaumu.

Mimi ni binti wa chuo, nimesomea lishe, na namshukuru Mungu nimemaliza, matokeo yametoka na nimefaulu vizuri, joho nimeshalijaribu na limenikaa, kwa hiyo usidhani nakuandikia kwa sababu nimefeli au kuna mvulana kanivuruga, hapana, tatizo langu ni furaha ya nyumba nzima iliyoingia mchanga, na aliyetia huo mchanga ni mimi mwenyewe.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, baba simjui, na mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuja kunichukua. Mjomba ni fundi wa makochi, karakana yake iko hapo hapo uani, na makochi ya watu yanatoka pale yanang'aa hata ukiogopa kuyakalia, lakini kochi letu la sebuleni limetoka sponji upande mzima na kila ukimwambia anakujibu kwamba la kwetu liko kwenye foleni. Mjomba ana mke, na huyu mkaza mjomba ndiye ninayemwita Mama, nilianza kumwita hivyo bila kuambiwa na mtu, na kwa kuwa hawakujaliwa watoto wengine, mtoto wa nyumba ile ni mimi peke yangu. Mjomba ananiita Profesa tangu siku nilipojua kusoma kibao cha karakana yake, na Mama ananiita mwanangu, basi, hana jina lingine.

Sasa nikueleze habari ya akili bandia, maana ndimo mambo yalimoanzia, ila nakuomba usiilaani, kwa sababu mimi naishukuru na nitaendelea kuishukuru. Chuoni nilikuwa nasumbuliwa na takwimu, darasa letu ni kubwa, mwalimu anaongea mbio, na mimi nina aibu ya kunyoosha mkono, sasa ile programu ya kwenye simu ilikuwa inanieleza jambo lile lile hata mara ya sita na haigunii, nikisema sijaelewa inabadilisha mfano, ikaacha mambo ya sarafu na kete ikaniletea magunia ya viazi, na kwenye viazi ndipo nikaelewa. Msimamizi wangu wa utafiti, mama mmoja mkali lakini wa haki, alituambia siku ya kwanza, "Sikatazi. Iwafundishe, isiwafanyie. Na kila mlipoitumia, mseme." Mimi nililishika neno lake. Nilikuwa naandika kwanza mwenyewe ndipo naiuliza ni wapi hapaeleweki, kabla ya mtihani nilikuwa naiambia inihoji, nikikosea inanieleza nimekosea wapi, na kuna siku ilinitajia kitabu kizuri sana kuhusu watoto wanaokwenda shule bila kula, ndiyo mada yangu hiyo, nikaenda maktaba nikamhangaisha mkutubi wa watu, akapekua kila mahali, mwisho akavua miwani akaniambia, "Binti, kitabu hiki hakijaandikwa." Tangu siku hiyo sikuweka chanzo ambacho sijakifungua kwa mkono wangu. Kwa hiyo sura zote za utafiti wangu, mshauri, mbele ya Mungu ni zangu, na mwishoni nilisaini tamko la chuo linalosema nilitumia akili bandia kuelezwa takwimu na kusahihishiwa lugha, na kwamba maneno mengine yote ni yangu.

Kosa lilikuwa kwenye ukurasa wa shukrani.

Siku ya kuchapa nilikuwa kwenye benchi la steshenari, foleni ndefu, joto, na yule kaka wa mashine anaita "anayefuata!" kama kondakta, nikafungua kazi yangu nihakikishe kila kitu kipo, nikakuta ukurasa wa shukrani ni mweupe, nilikuwa nauahirisha kila siku kwa sababu hauna alama. Nikajaribu. Niliandika "Namshukuru mjomba" nikakwama, si kwa kukosa la kusema, ni kwa wingi wake, yaani kila nikianza na moja jingine linasukuma, na zamu yangu inakaribia, basi nikafungua programu, kwenye mazungumzo yale yale tuliyokuwa tunaongelea habari za watoto wenye njaa muhula mzima, nikaandika haraka haraka, "Niandikie shukrani za kugusa moyo, nimelelewa na mjomba fundi wa makochi baada ya mama kufariki." Hata sijapepesa macho maneno yakaja, mazuri, mpaka machozi yalinilengalenga pale pale kwenye benchi. Nikayanakili. Nikachapa. Ukurasa unasema hivi: "Kwa mjomba wangu, aliyekuwa baba na mama kwangu, aliyelala njaa mara nyingi ili mimi nishibe, na ambaye peke yake, bila msaada wa yeyote, alibeba mzigo wa kunilea."

Mshauri, mjomba wangu kulala njaa! Mjomba ambaye chakula kikichelewa kidogo anakuja kusimama mlangoni mwa jiko anafunua vifuniko, mjomba ambaye akiugua huwa anapoteza sauti, anapoteza usingizi, lakini hamu ya kula haijawahi kumtoka hata siku moja!

Jumapili nikakipeleka nyumbani kitabu cha utafiti wangu, kina jalada gumu na maandishi ya dhahabu, mjomba akakishika kwa mikono miwili kama anapokea mtoto mchanga. Jirani yetu fundi cherehani alikuwepo, alimletea Mama gauni la kuvaa kwenye mahafali yangu alijaribu kabla ya kumalizia pindo, Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule amelivaa, mkono mmoja birika la chai, na mjomba akavaa miwani akasema, "Nyamazeni, Profesa ameandika," akaanza kusoma ukurasa wa shukrani kwa sauti. Alipofika kwenye kulala njaa jirani akapiga makofi. "He! Kumbe shoga yangu humpikii mumeo, nami nimekaa nakushonea gauni la sherehe!" Tukacheka wote, mjomba alicheka hadi miwani ikamdondoka, na Mama pia alicheka kidogo. Akamalizia kumimina chai, kikombe kwa kikombe, hakumwaga hata tone. Kisha akaweka birika chini akasema, "Baba na mama. Haya." Akaingia chumbani, akarudi na gauni limekunjwa, akamrudishia jirani. "Kaa nalo kwanza. Halina haraka."

Nilimfuata jikoni. Alikuwa ananipa mgongo, anaosha chombo ambacho tayari kilikuwa safi. Akaniambia, "Wewe ndiye msomi wa lishe. Ukiandika kwamba nyumba hii watu walilala njaa, watu wataamini, maana wewe ndiye unayejua njaa ni nini." Nikasema Mama, si hivyo. Akasema, "Na mjomba wako alikuwa baba, akawa na mama pia. Mimi nilikuwa nani, mpishi? Tena mpishi asiyepika." Halafu akageuka akaniangalia usoni na kuniuliza, "Maneno yale yametoka moyoni mwako?" Nikisema ndiyo, nimemtukana. Nikisema hapana, ina maana siku ya kuwashukuru walionilea niliona kazi kukaa chini nikafikiri, nikaipa simu inifikirie. Nikasimama pale kama gogo, na yeye akachukua ukimya wangu kuwa ndiyo.

Tangu hapo hakuna ugomvi. Afadhali kungekuwa na ugomvi. Anapika, anapakua, anasema "chakula kipo mezani," basi. Redio yake ya mchezo wa jioni haiwashi. Na juzi nilipotaja mahafali akasema, "Nendeni ninyi wawili, mimi pale nani atanijua?" Mjomba naye hana habari, anasema mwanamke akinuna huwa anapoa mwenyewe, amekipeleka kitabu karakana anawasomea wateja, anasoma hata pale pa njaa huku anatafuna. Rafiki yangu wa chumba kimoja chuoni, tunayemwita Wakili kwa kupenda kubishana, ananishauri niseme ni kosa la uchapaji, au niseme mashine ndiyo iliyokosea na mimi sihusiki. Tena kuna lile tamko, nililosaini kwamba maneno mengine yote ni yangu, na ukurasa huu si wangu, nakala ya maktaba bado sijaikabidhi na hakuna chuoni atakayegundua, lakini mimi najua, na nikimfikiria msimamizi wangu alivyotuamini nakosa raha, na nikienda kumwambia naogopa joho litaniponyoka dakika ya mwisho.

Na kinachoniumiza kuliko vyote ni kwamba Mama ndiye ninayemkumbuka kwanza nikisikia neno kulelewa. Mimi asubuhi chakula hakinipandi, nikila mapema natapika, kwa hiyo miaka yote ya shule alikuwa ananifungia mkate na yai kwenye karatasi nikale wakati wa mapumziko, na chumvi anaifunga peke yake kwenye kikaratasi kingine pembeni, kwa sababu sipendi yai lililotiwa chumvi likakaa. Nilipokuwa nasoma kwa ajili ya mitihani alikuwa anapunguza redio mpaka mwisho halafu anaiwekea sikio, amejiinamia pale kama anaisikiliza mapigo ya moyo. Dodoso langu kabla sijalipeleka shuleni nililijaribu kwake, akajifanya mtoto mtundu, anajikuna magoti, "Mwalimu, nilikula lakini nimesahau," tukacheka mpaka mjomba akaja kuuliza kuna nini. Na jioni ile ya kwanza walipoleta mtoto wa msibani asiyetaka kula, ndiye mimi, kila mtu alikuwa amenibembeleza na nimekataa, yeye hakunibembeleza, alipakua wali kwenye sahani moja, akakaa chini pembeni yangu, akaanza kula upande wake taratibu, upande wangu hakuugusa, wala hakuniambia kula, akala tu, nikauona upande wangu umebaki peke yake, nikanyoosha mkono.

Nifanye nini, mshauri wangu? Hata nikitaka kuandika upya sijui nianzie wapi, nikishika kalamu nakwama vile vile. Sitaki kusimama nimevaa joho nikaangalia watu waliokaa nikakuta kiti cha Mama kina mkoba wa mjomba.

Ni mimi, Profesa wa nyumbani.

*

Marahaba, Profesa.

Nimeshindwa kusubiri hadi mwisho. Nilicheka pale mjomba anaposoma habari za njaa huku anatafuna, nikacheka mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akaomba nimsomee. Sasa nimemaliza kucheka. Kaa vizuri nikuseme.

Kwanza hongera, mwanangu, na hongera hiyo naitoa kwa dhati. Kuhusu hiyo akili bandia hutasikia laana kwangu. Barua za wanafunzi zinazofika hapa ni nyingi, na wengi wao wananiuliza namna ya kuificha. Wewe uliichukua ikakuelewesha takwimu kwa viazi, ukaiambia ikuhoji, ukaikamata ilipokuletea kitabu cha kufikirika, na ukasema wazi ulipoitumia. Ndivyo inavyotakiwa. Mshukuru msimamizi wako, na yule mkutubi mpelekee salamu zangu, amefanya kazi yake na nusu ya kazi ya mwalimu.

Ila sasa hebu nieleze. Kwa kitabu kimoja tu ulimfanya mtu mzima apekue maktaba nzima. Neno la mgeni ulilikagua. Ukurasa wa watu wako wa ndani ukaupitisha kwa machozi ya benchini, bila hata kuusoma kwa sauti! Ungeusoma mara moja tu kwa sauti ungelisikia hilo neno "peke yake" likikugonga meno. Kwa nini hukuusoma? Umenijibu mwenyewe: hauna alama. Ulikuwa makini kote kule ambako mtahini angepita, na mahali pekee ambapo Mama angepita ukawa na haraka. Hapo ndipo umenikera, na nakuambia kwa sababu nakupenda.

Wala usiisingizie mashine. Uliitajia mjomba, ikaandika mjomba. Mlikuwa mnazungumza njaa muhula mzima, ikatia njaa. Haikumjua Mama kwa sababu hukuitajia Mama. Aliyemwacha nje ni wewe. Najua hukumsahau, binti yangu. Mkono unaokulisha kila siku unauzoea mpaka huuoni, na hilo limetupata wengi, hata mimi. Lakini lako limechapwa kwa maandishi ya dhahabu, kwa hiyo lazima litengenezwe.

Huyo Wakili wako mwambie apumzike. Kosa la uchapaji linakula herufi, haliwezi kumla mama mzima. Ukienda na hilo Mama atakuangalia tu, atakuambia "haya," na hiyo "haya" utaishi nayo.

Na wewe mjomba, najua gazeti linafika karakana, hata kama ni la kufungia misumari. Acha kuwasomea wateja ukurasa huo. Umekula kwa mwanamke huyu maisha yako yote na unasikia mtu anasema ulilala njaa ndani ya nyumba yake, unacheka hadi miwani inadondoka! Hapoi mwenyewe, ndugu yangu. Simama pale sebuleni useme kwa sauti ile ile uliyosomea kitabu: sijawahi kulala njaa katika nyumba hii. Halafu lile kochi litoe kwenye foleni. Wageni wa mahafali watakaa wapi?

Nirudi kwako. Unaogopa kwamba ukweli utamuumiza. Utamuumiza, ndiyo, sikufichi. Lakini angalia anachoamini sasa hivi. Anaamini ulikaa, ukafikiri, ukawapanga watu waliokulea mmoja mmoja, na ulipofika kwake ukaona hapana mtu. Ukweli ni kwamba hukufikiri kabisa. Kati ya mtoto aliyenipima akaniona si kitu na mtoto aliyekuwa na haraka akafanya uzembe, mimi nikiwa mama nitamchukua wa pili, nitamgombeza, na nitampikia. Swali lake alikuuliza vizuri na bado linasubiri. Mjibu: "Hapana Mama, hayakutoka moyoni. Niliona uvivu, nikamwachia huyo wa kwenye simu, na ameandika uongo nikauwekea jina langu." Sema hivyo hivyo. Usianze na "lakini." Usimnunulie kitambaa kwanza. Na kama limekupitia wazo la kumwomba huyo wa kwenye simu akutungie maneno ya msamaha, Mungu akusamehe, lifukuze.

La chuo ni jepesi kuliko unavyolibeba. Nenda kwa msimamizi kabla hujakabidhi nakala ya maktaba. Mwambie ukurasa wa shukrani hukuuandika wewe, kwa hiyo tamko ulilosaini lina kasoro, na unaomba kubadilisha ukurasa. Sikuahidi atakuchekea. Huenda akakusema, na akikusema pokea, lakini sijaona mtu mkali wa haki akimvua mtu joho kwa kuja mwenyewe kusema kweli. Ila fuata utaratibu wangu: jikoni kwanza, chuoni baadaye. Usiende jikoni umeshika ukurasa mpya mkononi kama mtu aliyekuja kukabidhi kazi.

Na wenzako walio chuoni wanaosoma hapa, wasikilize na hili. Siku ukikwama kuandika jambo la moyoni, usiiambie mashine ikuandikie. Iambie ikuulize. Nani alikuwepo? Alifanya nini? Ulikuwa umevaa nini, mlikula nini? Ukishajibu maswali hayo kwa maneno yako utajikuta umeshaandika, na hapo haina tena cha kukufanyia zaidi ya kukuonyesha nukta ilipokosekana.

Sasa unaniambia ukishika kalamu unakwama, hujui uanzie wapi. Unanichekesha tena! Barua yako nimeichapa kama ulivyoileta, sikugusa chochote, inakimbia kama mtoto aliyeachiwa mlango, na ndiyo maana niliiamini tangu mwanzo kwamba ni ya mtu. Rudi uisome ile aya yako ya mwisho mwisho. Redio iliyowekewa sikio. Mtoto mtundu anayejikuna magoti. Chumvi kwenye kikaratasi chake. Umeuandika ukurasa wa shukrani tayari, tena mzuri mno, ila umeutuma kwa mtu asiyehusika. Futa pale ulipoandika "mshauri," weka "Mama," umpe na mjomba sehemu yake ya haki, na ndio huo uende kuuchapa.

Nilipofika kwenye ile sahani, Profesa, niliweka kalamu chini. Mimi sikujui, sura yako sijawahi kuiona, na umenieleza jambo hilo. Yeye je, umewahi kumweleza? Anajua kwamba unaikumbuka jioni ile? Nakuuliza kwa sababu watu wazima tunadhani watoto walisahau, tunaenda nayo hivyo hivyo kimya kimya, na wengine wanaondoka duniani hawajaambiwa. Wako yupo, yuko jikoni, anaosha vyombo visafi.

Majibu haya nakutumia mapema, gazetini yatatoka Jumamosi, ili asikie kwako kabla hajasikia kwetu. Usidhani utajificha kwa sababu hatujataja majina. Jirani fundi cherehani atamsomea, na atakapofika kwenye yai lililofungwa na chumvi pembeni, Mama atajua ni nani, kwa kuwa hakuna mwingine duniani aliyekufungia hivyo.

Basi fanya hivi, na ufanye leo. Usimbembeleze, yeye hakukubembeleza. Ingia jikoni, pakua wali kwenye sahani moja, kaa chini pembeni yake, anza kula upande wako na upande wake usiuguse. Atakuuliza unafanya nini. Usijibu, kula tu. Atakaponyoosha mkono, ndipo umwambie.